Herufi Inayopiga Kelele

Watoto wazuri, leo nimewaletea mgeni. Mgeni huyu hana mdomo, lakini anapiga kelele. Hana miguu, lakini amezunguka dunia nzima. Nanyi mmemwona mara nyingi. Mmemwona kwenye mabango. Mmemwona kwenye zile picha za paka waliokunja uso, ambazo kaka na dada hutumiana kwenye simu huku wakicheka peke yao.

"Mjomba, ni nani huyo?"

Ni herufi. Tena si herufi ovyo ovyo. Ni herufi ya fonti iitwayo Impact.

"Fonti ndiyo nini, Mjomba?"

Swali zuri! Anayeuliza jambo asilolijua ameshaanza kulijua. Haya, fikiria mtaa. Mtaa una nyumba nyingi, lakini zote amezijenga fundi mmoja. Ukitazama nyumba ya kwanza na nyumba ya mwisho, unajua mara moja kwamba mkono ni ule ule. Fonti ni mtaa wa namna hiyo. Nyumba zake ni herufi: A, B, C, D, mpaka Z. Kuna nyumba kubwa, yaani herufi kubwa. Kuna nyumba ndogo, yaani herufi ndogo. Hata tarakimu zina nyumba zao, na alama ya kuuliza nayo ina kibanda chake.

Sasa tuingie mtaani tutazame kwa karibu.

Chukua herufi O. Ule mstari mweusi unaoizunguka ni ukuta. Ile nafasi nyeupe ya katikati ni ua. Kila herufi ina kuta, na nyingi zina ua. B ina nyua mbili, moja juu, moja chini. Herufi n ndogo ina ua ulio wazi upande wa chini, kama uliosahauliwa mlango. Na kati ya herufi na herufi kuna uchochoro. Watu wengi wakitazama herufi huona ukuta tu. Fundi wa herufi huona ua na uchochoro pia. Akitaka herufi isomeke, hupima nafasi nyeupe kwa makini kama anavyopima mstari mweusi.

"Na vile vijistari vidogo kwenye miguu ya herufi za vitabuni, Mjomba?"

Macho yako makali! Hizo ni baraza. Tazama herufi I kwenye kitabu cha hadithi. Mara nyingi utakuta ina kibaraza juu na kibaraza chini. Herufi za namna hiyo zimekuwepo tangu Warumi walipokuwa wakichonga maandishi kwenye mawe. Lakini kuna mitaa ambayo nyumba zake hazina baraza kabisa. Ukuta unashuka, unafika chini, basi. Impact ni mtaa usio na baraza.

Mitaa ya aina hiyo si ya kale sana katika uchapaji. Mwaka 1816, mjini London, mtengenezaji wa herufi aliyeitwa William Caslon wa Nne alionyesha herufi za chuma za kuchapia zisizo na baraza. Zilikuwa herufi kubwa tupu. Hakukuwa na ndogo hata moja. Zinakumbukwa kuwa za kwanza za aina yake kuuzwa kwa wachapaji. Mwaka 1819 kiwanda chake kikanunuliwa na kampuni ya mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Sheffield ni mji wa mafundi wa visu na chuma cha pua. Kampuni ile baadaye ikajulikana kwa jina la Stephenson Blake.

Likumbukeni jina hilo la Sheffield. Sasa nanyamaza kidogo, maana mgeni wetu mwenyewe anataka kusema. Atakayesema ni a ndogo, na nimemchagua kwa sababu katika Kiswahili hakuna herufi inayofanya kazi nyingi kuliko a. Karibu, a.

"Ahsante. Mimi ni a ndogo wa Impact. Nilizaliwa mwaka 1965. Aliyenichora ni Geoffrey Lee, Mwingereza aliyekuwa akibuni matangazo. Walionitoa ni hao hao Stephenson Blake wa Sheffield. Siku zile kila mwenye tangazo alitaka herufi nene, nyembamba kwa umbo, zilizobanana. Miaka miwili kabla yangu ilikuwa imetoka fonti iitwayo Compacta. Hiyo iliuzwa kwenye karatasi za plastiki za kampuni ya Letraset. Unaweka plastiki juu ya karatasi, unasugua kwa kalamu, herufi inabandukana na kunata. Kazi imekwisha!"

"Geoffrey Lee alinitakia jambo moja. Alitaka katika kila saizi niweke wino mwingi kadiri inavyowezekana juu ya karatasi. Wino mwingi! Basi akaanza kujenga. Akazinenepesha kuta. Akazibana nyua. Akanisukuma karibu na jirani yangu mpaka uchochoro ukabaki wa kupita paka. Kuta nene, nyua nyembamba!"

"Kisha akanipandisha dari. Mimi ni herufi ndogo, lakini nimefika karibu na kimo cha herufi kubwa. Nina ghorofa mbili: juu kuna kipenyo, chini kuna ua mwembamba uliosimama wima, kama ufa wa mlango. Jirani zangu wenye mikia, g na p na y, mikia yao ilikatwa ikabaki mifupi. Unajua kwa nini? Mikia ikiwa mifupi, mstari wa juu unaweza kukaa karibu na mstari wa chini, na bango lote likawa tofali moja jeusi. Kuta nene, nyua nyembamba!"

Ahsante, a. Pumzika kwanza.

Sasa najua kuna mtoto pale nyuma ameinua mkono.

"Mjomba, herufi ilizaliwaje 1965? Hawakubonyeza kompyuta?"

Hawakubonyeza, mpwa wangu. Herufi ilimiminwa! Mafundi waliyeyusha mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi inayeyuka kwa urahisi. Antimoni inaifanya iwe ngumu ili isibonyee upesi. Uji huo wa moto ulimiminwa kwenye kalibu yenye umbo la herufi. Ukipoa, unatoa kipande cha chuma, na juu yake herufi imeinuka. Kila a kipande chake. Kila k kipande chake. Mpanga chapa alizichukua mojamoja kwa mkono, akazipanga mstari, akazipaka wino, akakandamizia karatasi.

Tena hapa pana jambo la kuchekesha. Herufi ya chuma hutengenezwa kinyumenyume, kama kwenye kioo, ili ikigusa karatasi itoke sawa. Kwa hiyo kwenye chuma b huonekana kama d, na p huonekana kama q. Mtoto yeyote anayechanganya b na d asione aibu. Watu wazima walilipwa mshahara kwa kazi ya kutozichanganya.

Lakini mbona Lee alitaka herufi nyembamba za kubanana? Mbona asijenge nyumba pana zenye nafasi?

Jibu liko kwenye upana wa karatasi. Bango lina kingo mbili, na maneno hayawezi kumwagika nje. Hebu tujaribu na neno letu wenyewe: WATAKAPOKUTANA. Hesabu herufi. Ziko 14, na A peke yake zipo 5. Kiswahili chetu kinapenda kuunganisha. Mtendaji, wakati na kitendo vyote huingia ndani ya neno moja, na neno hurefuka kama gari moshi. Sasa fikiria unataka kuandika Simba na Yanga watakapokutana kwenye bango la mechi. Ukitumia nyumba pana, neno halitoshi. Itabidi uzipunguze herufi zote, na mtu aliye ng'ambo ya barabara hataona kitu. Ukitumia nyumba nyembamba ndefu, zote 14 zinaingia, na bado ni kubwa. Unabana upana ili upate kimo.

Na unene je? Unene ni wa kumshika mpita njia. Mtu anapita upesi, kichwani ana mambo yake. Kitu cheusi kizito kinamvuta jicho kabla hajaamua kutazama. Ndiyo maana nasema herufi hii inapiga kelele. Haisubiri uisome. Inakuita.

"Basi Mjomba, kama ni nzuri hivyo, kwa nini kitabu changu chote kisiandikwe kwa Impact?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo! Mtoto anayeuliza "mbona isiwe hivyo daima" ana akili ya ufundi. Tumwulize mwenyewe. Haya, a, jibu.

"Nitasema kweli. Nikiwa mkubwa, natisha. Nikiwa mdogo, natia huruma. Ua wangu ni mwembamba. Ukinipunguza, unakuwa mwembamba zaidi. Na wino una tabia yake: ukigusa karatasi, husambaa kidogo pembeni. Herufi yenye ua mpana haijali. Lakini mimi ua wangu unajaa wino. Unaziba. Mimi na e tunafanana. Mimi na s tunafanana. Msomaji anakaza macho, anarudia mstari, kichwa kinamwuma. Kuta nene, nyua nyembamba: ndiyo nguvu yangu, na ndiyo taabu yangu."

Umesikia? Jambo lile lile linaloipa nguvu ndilo linaloiponza. Siyo kwamba Lee alikosea. Alijenga kwa kazi moja, na kazi hiyo ni maneno machache, makubwa, ya kuonekana.

Ngoja niwaonyeshe mtaa mwingine, ili mpime wenyewe. Tarehe 1 Januari 1965, mwaka ule ule aliozaliwa rafiki yetu, Uingereza ilianza kutumia rasmi alama mpya za barabarani. Waliozibuni ni Jock Kinneir na Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini. Herufi zao zinaitwa Transport. Nazo hazina baraza. Nazo ni nene kiasi. Lakini nyua zao ni pana, na vichochoro vyao vina nafasi. Kwa nini? Kwa sababu dereva anakwenda kasi. Anakiona kibao kikiwa mbali, kidogo kama kidole. Lazima asome jina la mji, na asichanganye mji huu na ule, halafu akate kona salama. Kibao hakina haja ya kumpigia kelele, maana dereva mwenyewe anakitafuta kwa macho. Anachotaka ni kusoma.

Nchi moja, mwaka mmoja, nyumba zisizo na baraza pande zote mbili. Bango lilitaka kuta. Barabara ilitaka nyua. Kuonekana ni kazi moja. Kusomeka ni kazi nyingine.

Na Margaret Calvert, kwa taarifa yenu, ndiye aliyechora pia ile alama ya Uingereza ya watoto wanaovuka barabara, msichana akimwongoza mvulana kwa mkono. Yule msichana alijichora mwenyewe alivyokuwa utotoni.

"Mjomba, hebu turudi kwa paka. Herufi ya Sheffield ilifikaje kwenye picha ya paka?"

Ahaa! Kumbe hukusahau. Vizuri sana.

Siku za herufi za chuma ziliisha taratibu. Impact haikufa nazo. Ilichorwa upya kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 1996, kampuni ya Microsoft ilianza kutoa bure kifurushi cha fonti kwa ajili ya kurasa za intaneti. Ndani yake kulikuwa na Arial, Georgia, Verdana, Comic Sans na nyinginezo, na Impact ikiwemo. Verdana, aliyoibuni Matthew Carter, ilijengwa kwa maandishi madogo ya kwenye skrini: nyumba pana, nyua wazi. Impact ndiyo iliyoletwa kwa kelele. Ikaingia kwenye kompyuta za watu duniani kote, bila mtu kuiomba.

Baadaye, katika miaka ya 2000, watu wakaanza mchezo. Wanachukua picha ya paka. Wanaandika maneno juu, wanaandika maneno chini. Wanatumiana, wanacheka. Walihitaji fonti ambayo kila mtu anayo, na nene. Wakaikuta Impact imekaa pale pale, inasubiri.

Hebu tuitazame picha mojawapo kwa karibu. Maneno ni herufi kubwa tupu. Rangi ni nyeupe. Lakini kila herufi imezungushiwa mstari mweusi. Mstari huo si pambo. Sikilizeni.

Picha ina sehemu nyeupe na sehemu nyeusi. Paka ni mweupe, zulia ni jeusi. Ukiandika kwa nyeupe, maneno yanapotea juu ya paka. Ukiandika kwa nyeusi, yanapotea juu ya zulia. Ufanyeje? Unaandika nyeupe, kisha unazungushia nyeusi. Juu ya zulia, nyeupe inaonekana. Juu ya paka, ule mpaka mweusi unaichora herufi. Popote utakapoiweka, inasomeka! Na herufi yenye kuta nyembamba isingeweza kazi hii. Ukiizungushia mpaka mweusi, mpaka unaila na kuimaliza. Impact ina kuta nene, mpaka unaila kidogo na nyeupe nyingi inabaki. Geoffrey Lee alijenga kwa ajili ya wino na karatasi, na kuta zile zile zikaja kufaa juu ya paka wa kwenye simu.

Siku hizi hata sisi tunatumiana picha hizo kwa Kiswahili, za mwisho wa mwezi na mfuko mtupu, za mgeni aliyekuja bila kupiga simu. Neno moja juu, neno moja chini, kicheko katikati.

Lakini msidhani kwamba sisi wa pwani tulisubiri kompyuta ndipo tujue herufi zinazopiga kelele. Kamwombe bibi kanga yake. Itandaze. Tazama jina lake, yale maandishi ya chini, katikati, juu ya pindo. Si ya Impact, la. Lakini mara nyingi utakuta herufi kubwa, nene, zisizo na baraza. Kanga haisomwi mezani. Inasomwa ikiwa mwilini, inatembea, ina mikunjo, inapita dirishani mwa jirani ambaye ndiye aliyekusudiwa. Na kitambaa kina nyuzi, rangi haikai juu yake kwa unadhifu kama kwenye karatasi laini. Mstari mwembamba ungepotea kwenye mkunjo wa kwanza. Mstari mnene unafika, na jirani anaelewa!

Basi siku mwalimu atakapowaambia mtengeneze bango la siku ya michezo, mtajua la kufanya. Tafuteni maneno mawili matatu ambayo lazima yaonekane kutoka getini. Hayo yapeni herufi nene, zilizobanana, kubwa. Saa, mahali, na majina ya timu yaandikeni kwa herufi zenye nyua pana, maana mtu akishasogea karibu anataka kusoma. Mkizipa herufi zote unene sawa, hakuna itakayosikika. Kelele husikika kwa sababu pembeni yake pana utulivu.

"Mjomba, na sisi tunaweza kuchora fonti yetu?"

Mnaweza, na msingoje kuwa wakubwa. Anzeni na nyumba mbili tu. Chukueni karatasi mbili. Kwenye ya kwanza choreni O ndefu kama kiganja chenu, ukuta mwembamba, ua mpana. Kwenye ya pili choreni O ya kimo kile kile, lakini ukuta mnene na ua mwembamba kama ufa wa mlango. Zipakeni kuta rangi nyeusi vizuri. Zibandikeni ukutani sambamba. Kisha rudini nyuma hatua kwa hatua, mkizitazama.

Mtoto mmoja ahesabu hatua, mwingine aandike. Ua wa ipi umetoweka kwanza? Na ipi bado inaonekana kama doa jeusi, hata pale ambapo huwezi tena kuapa kwamba ni O? Halafu mchore ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili, mpime tena. Mkipata majibu tofauti, msigombane. Huenda mmoja macho yake ni makali zaidi, au jua lilikuwa limehama. Pimeni upya asubuhi, kisha mrekebishe ukuta kidogo. Mkifika hapo mmeshaanza ufundi wa herufi.